Jiwe la Jikoni

Wifi yangu Jalia tulimzika Koboko mwezi uliopita, na kwa siku tatu za matanga wanawake walikaa mkekani wakila maharage niliyoyapika na kusimulia habari ya jiwe. Kila mtu wa umri wetu anaijua habari hiyo, au anadhani anaijua: jinsi Mastura, yaani mimi, mwaka wa sabini na tisa, watu wote wakikimbia na magodoro na watoto, alivyobeba jiwe la jikoni ndani ya sanduku la bati, na jinsi jiwe hilo lilivyomponza mume wake Farajala, kaka yake Jalia, kwenye kizuizi cha askari. "Ile jiwe ilikula kijana ya watu," alisema mama mmoja, akinitazama kwa huruma huku akijiongezea mchuzi. Mimi niliinama nikaanza kuokota punje za maharage mkekani. Nimeiacha habari hiyo itembee hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini kwa sababu ilinifaa, na jiwe halina mdomo wa kujitetea. Leo nataka kuiandika jinsi ilivyokuwa, na nitaiandika kwa Kiswahili nilichofundishwa mwaka ule ule, ambacho hapa nyumbani sikisemi kabisa. Wanaonisikia sokoni Arua nikiuliza "nyanya iko?" kama watu wengine wote, wakiziona karatasi hizi watasema bibi huyu ameandikiwa na mwalimu. Sijaandikiwa. Mwalimu alikuwa mmoja tu, na alikuwa mume wangu.

Mwaka ulipoanza tulikuwa tumeoana miezi mitano. Tulipanga vyumba viwili karibu na soko la Arua, kimoja cha kulala, na kingine nusu sebule nusu makaburi ya cherehani, kwa maana Farajala alikuwa fundi wa cherehani na hakujua kutupa kitu. Vichwa vya mashine vilijaa chini ya kitanda, mikanda ya ngozi ilining'inia msumarini karibu na kanzu yake ya Ijumaa, na kopo la mafuta lilikaa dirishani, mpaka kisra, ule mkate wetu mwembamba wa mtama niliouoka asubuhi, ukawa na harufu ya mashine. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, mawe matatu na mlango mmoja uliolia kila ukifunguliwa. Jumapili, upepo ukiwa wa upande wetu, tulisikia kengele ya kanisa la Ediofe tukiwa bado kitandani. Nayaeleza haya kwa sababu vyumba hivyo sasa ni duka la simu, na nimewahi kusimama pale kaunta nikanunua muda wa maongezi nisioutaka, ili tu nitazame kona iliyokuwa na kitanda chetu.

Farajala alikuwa amekaa Mombasa miaka minne kabla ya kunioa, kwenye duka la fundi mmoja wa Kihindi. Mwezi wa kwanza ikafika barua: yule bwana anazeeka, macho hayaoni tena tundu la sindano, anamtaka Farajala arudi na safari hii aje na mke. "Miaka mitano," aliniambia, barua mkononi na mafuta kwenye kidole gumba. "Pengine sita. Tutaondoka mwezi wa nne." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi hata kuvuka daraja la Pakwach. Niliogopa, nikasema naogopa, halafu nikauliza kama Mombasa wana mihogo. Alicheka. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake. Siku ya kwanza Mombasa alikwenda bombani na ndoo, akauliza kama tunavyouliza sisi, "Maji iko?" Watoto waliokuwa kwenye foleni walianguka kwa kicheko. Walimfuata wiki nzima mtaani wakiimba maji iko, maji iko, na wakubwa nao wakambandika jina, Bwana Iko, akaitwa hivyo miaka yote minne, hata na yule Mhindi. "Mimi ni mwanamume, nilivumilia," alisema. "Wewe sitaki wakucheke. Siku utakapotoka mlangoni pale, utasema kama wao."

Basi maandalizi ya safari yetu yakawa ya namna mbili, sanduku na ulimi, na vyote viwili alivichanganya. Sheria ya sanduku aliitunga yeye. Sufuria Mombasa zipo, alisema, mashuka yapo, viatu vipo; sisi tubebe kile ambacho Mombasa nzima haina. Kila Ijumaa, yeye akitoka msikitini na mimi nikitoka jikoni, kila mmoja alitia kitu kimoja kwenye sanduku la bati, na mwenzake alikuwa na haki ya kuuliza swali moja tu. Ijumaa ya kwanza yeye alitia mkono wa cherehani ya marehemu mama yake. Nikauliza cherehani yenyewe iko wapi. Iliuzwa mama alipougua, akasema, lakini mkono yeye aliufungua akauficha, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani aliyenunua mashine isiyozunguka. Mimi nilitia kitasa cha mlango wa jiko, kile kilicholia, na tangu siku hiyo tukafunga mlango kwa kamba. Yeye akatia unyoya wa jogoo wa harusi yetu. Mimi nikatia chupa ya dawa iliyojaa vumbi jekundu la uani. "Mombasa haina vumbi?" aliuliza, na hilo likawa swali lake. Nikamjibu kwamba la kule halijawahi kuingia kwenye chai yetu.

Ijumaa ya tatu niling'oa jiwe moja kati ya mawe matatu ya jikoni. Nililileta mwenyewe kutoka kijito cha Pajulu wiki ya kwanza ya ndoa, kichwani, lina ubavu mmoja bapa na mstari mweupe katikati, na kwenye ule ubavu Farajala aliweka kikombe chake kila asubuhi akisubiri kisra iive. Nililipiga brashi masizi, nikalibeba mpaka sandukuni kwa mikono miwili. "Hii iko nini?" aliniuliza kwa utani. "Jiwe ya jikoni," nikasema. "La," akasema. Nikanuna papo hapo. "Kwa nini la? Mi nakubali mukono ya mashine yako, wewe nakataa jiwe yangu?" Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na kuegemea miguu ya kitanda. "Mke wangu, sikukataa! Nasema la. Jiwe *la* jikoni. Si jiwe ya jikoni." Nikasimama na jiwe langu tumboni kama mja mzito, sijui nicheke au nimrushie. Tangu siku hiyo, kila tulipobishana, mmoja wetu akisema "la" mwingine alijibu "jikoni," na ugomvi ukaisha.

Jioni ile ile alichukua karatasi ya daftari la wateja, akaandika orodha, na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Mkono mmoja wa cherehani. Kitasa kimoja cha mlango. Unyoya mmoja wa jogoo. Chupa moja ya vumbi. Jiwe moja la jikoni. Kila jioni tunakula mihogo na mboga za simsim, halafu ananiwekea taa karibu, nasoma kwa sauti, kisha anageuza: ikiwa miwili? Ikiwa viwili? Ikiwa mengi? Nilipoteza "vya" na kuokota "za," nilichanganya mpaka mate yalinikauka, naye hakunicheka hata mara moja. Baada ya mwezi nikaanza kumsahihisha yeye, akijisahau na kusema kama watu wa Arua. Nimesoma vitabu vichache maishani, lakini nikikutana na mtu anayesema sarufi ni jambo kavu, namwonea huruma. Mimi niliipata na harufu ya simsim, na bega la mwanamume likigusa langu.

Jalia alikuja kututembelea kutoka Koboko mwezi wa pili. Alikuwa mjane, mkubwa wa Farajala kwa miaka saba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha mbuzi, na alipoingia jikoni kwangu akakuta mawe mawili na tofali moja, akatoka nje. "Mastura! Jiko ya mawe mbili inapika nini? Jiwe yako iko wapi?" Nikamwambia liko sandukuni, linakwenda Mombasa. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akaenda kulifungua sanduku mwenyewe na kulikagua kama askari wa forodha. Unyoya aliunusa. Alipoona ule mkono wa cherehani ya mama yao aliurudisha polepole, lakini jiwe hakulisamehe. "Nyie iko watoto," alisema. "Watu nabeba chakula, nyie nabeba uchafu. Hii jiwe taleta shida." Farajala akamwambia, "Dada, acha," naye akaacha, ila alipoaga alinivuta pembeni na kuniambia nimtunze kaka yake, kwamba amebaki na huyo tu. Nilimwahidi kwa moyo mweupe.

Vita tulikuwa tukivisikia tangu mwaka uliotangulia, lakini vilikuwa vita vya redio, mbali kusini. Mwezi wa nne, mwezi wetu wa safari, barabara ya Kampala ikafungwa, na badala ya sisi kushuka, askari wetu walioshindwa wakapanda. Malori yaliingia Arua yamebeba magodoro, friji na mbuzi pamoja, na askari juu yake wamevaa nusu sare nusu raia, macho mekundu. Farajala hakukosa kazi, kwa sababu wake zao walikuja na cherehani zilizovunjika njiani, wakakaa barazani kusubiri, na mimi nikiwa ndani nikichambua mchele niliwasikia. "Hao adui ya Dar es Salaam," alisema mmoja, "ukisikia mudomo yao utajua. Hapana sema iko. Nasema yuko, hayuko, kama mwalimu." "Kweli," akasema mwenzake. "Kule barabara ya Nebbi walikamata mutu moja ya kuuza chumvi. Alisema hayuko. Kumbe iko mutu ya Mombasa tu." "Sasa alikwenda wapi?" "Mi hapana jua. Chumvi yake tulikula." Wakacheka kidogo, kwa uchovu. Nilisikia nyundo ya Farajala ikisimama, kisha ikaendelea.

Jioni hiyo hakuwasha taa ya shule. Aliichukua orodha kutoka kwenye sanduku, akaingia nayo jikoni, akaitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Nilimpigia kelele. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mastura, kuanzia leo kila kitu iko. Mimi iko, wewe iko, jiwe iko. Usiseme vingine, hata na mimi, hata ndotoni." Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hajui. Na yeye alibadilika kweli. Siku iliyofuata alisema kama mtu asiyewahi kuona hata basi la kwenda mahali, na barazani aliwachekesha wale wake za askari kwa Kiswahili kibovu kuliko chao. Mimi ndiye niliyeshindwa. Lazima niliseme wazi, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipoanzia: sikuacha. Nikiwa peke yangu kibandani niliongea na vitu. Moshi umejaa. Kuni zimekwisha. Sahani hizi ni zangu. Nilijiona mtu mwingine, mtu asiyechekwa. Mombasa ilikuwa imekwishakufa na mimi nilikuwa nimebaki nayo mdomoni, na nikaitunza huko kwa siri kama mwizi.

Mwezi wa sita watu wakaanza kuondoka Arua, kwanza wenye magari, halafu kila mtu. Ilisemekana jeshi la kusini liko Pakwach, na watu kama sisi, wenye asili ya askari wa zamani wa Sudani, hatutaulizwa swali kabla ya kupigwa risasi. Farajala alifunga zana zake kwenye gunia, akaniambia tunakwenda Koboko kwa Jalia, kisha tuvuke Kongo. Sanduku libaki. Nikakaa juu ya sanduku. Nililia, nikasema maneno ya kitoto, kwamba kama halitoki na mimi sitoki. Alisimama mlangoni akitazama barabara ilivyojaa watu, akarudi, akalifunga sanduku nyuma ya baiskeli kwa mikanda mitatu ya cherehani. "Sawa," alisema. "Jiwe yako mi ndiyo tasukuma." Alilisukuma siku mbili, maili zaidi ya thelathini, na kwenye kila kilima nilimwona mgongo ukilowa, na hakulitaja tena. Nilikuwa na nafasi ya kusema tulitupe. Sikusema.

Kwa Jalia tulikaa siku kumi na moja, watu watatu chumba kimoja nyuma ya soko la Koboko. Tulikula mihogo ya kuchemsha asubuhi na jioni, na siku ya mwisho samaki mkavu mmoja ambaye Jalia alimgawa kwa kisu kana kwamba anakata nguo ya harusi. Kupitia ukuta wa udongo tulisikia jirani na mkewe wakijadili kila jioni nini wachukue: sufuria kubwa au ndogo, mlango waung'oe au waache. Mume alitaka mlango. "Mutu naacha mulango, mutu mwingine nachukua nyumba," alisema. Farajala aliegemea ukuta akisikiliza, akaninong'oneza sikioni, kwa kile Kiswahili chetu kilichokatazwa, "Tazama, si sisi peke yetu." Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliposema nami hivyo. Tulicheka tukiziba midomo, na Jalia akatuuliza tunacheka nini na dunia imekwisha.

Tuliondoka asubuhi, jua likiwa limepanda, njia ya mpaka wa Kongo. Mbele ya mto mdogo askari walikuwa wamefunga kamba yenye makopo kukatiza njia. Walikuwa watano, vijana, mmoja amevaa koti la mvua la mwanamke. Hawakuwa adui, walikuwa wa kwetu, waliokuwa wakikimbia kama sisi, na hilo ndilo lililotufanya tuzembee. Jalia alikuwa nyuma hatua kama kumi, akigombania sufuria yake na mmoja wao. Yule wa koti la mvua alimwambia Farajala afungue sanduku. Akafungua. Askari aliinua unyoya, kitasa, chupa ya vumbi, akavipanga chini. Alipofika kwenye jiwe aliita wenzake. "Hii iko dawa?" "Hapana, afande," Farajala akasema, mgongo umeinama, sauti ya barazani. "Hii iko jiwe ya jikoni tu. Bibi yangu hapana taka acha." Wakacheka. Farajala akacheka nao, na nikaona mabega yake yakishuka, kwa kuwa mtu akicheka hapigi. Walikuwa wameanza kuvirudisha vitu sandukuni. Yule wa koti akanigeukia, jiwe mkononi, akalipima kama papai. "Mama, wewe nabeba jiwe? Kongo mawe hakuna?" Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonipanda kilikuwa nini. Haikuwa ushujaa. Ilikuwa aibu, aibu ya kijinga ya msichana aliyeambiwa miezi sita kwamba hatachekwa. Nilinyoosha shingo nikasema, "Ni jiwe la jikoni kwetu. Si la kuchekwa."

Kicheko kilikatika. Askari aliliweka jiwe chini taratibu. "Sema tena," aliniambia. "Sema tena vile ulisema." Nilisikia makopo ya ile kamba yakigongana kwa upepo. "Nani ilifundisha wewe Kiswahili hii?" Nami, Mungu anisamehe, sikujibu kwa mdomo, macho yangu yalikwenda kwa mume wangu. Yalikwenda yenyewe, kama yalivyokwenda kila jioni nilipokwama kwenye neno. Askari aliyafuata. Farajala alisimama wima kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mimi," alisema. "Bibi hapana jua kitu. Mi ilifanya kazi Mombasa, kutengeneza mashine." "Mombasa, Dar es Salaam, yote iko moja," alisema mwingine. Walimshika mikono, bila hasira hata, wakasema wanampeleka kwa mkubwa aulizwe kidogo, sisi twende mbele, atatukuta. Farajala alinitazama akaniambia, "Nenda na Jalia. Mi nakuja nyuma." Hata hapo hakusahau, alisema kama watu wa Arua. Wakaingia naye kwenye mashamba ya mihogo, na majani yakafunga nyuma yao.

Hatukusikia bunduki. Tulikaa upande wa pili wa mto mpaka alasiri, na kila alipotokea mtu kwenye njia ile nilisimama. Jalia alinishika mkono akanivuta, akisukuma baiskeli kwa mkono mwingine, sanduku bado liko juu yake. Kwenye kituo cha Wakongo askari wao akanigeukia: "Weye mutu wa wapi? Jina yako?" Kabla sijafungua mdomo Jalia alikuwa amesimama kati yetu. "Huyu hana sema," alisema. "Iko bubu." Nilidhani ananionea huruma kwa msiba. Na bubu nikabaki, miezi mitano ya kwanza, kwa kila mgeni aliyekuja kwenye kibanda chetu cha nyasi upande ule. Akija mtu wa kuandika majina, Jalia alisema mimi ni bubu. Akija mnunuzi wa mihogo, bubu. Wanawake walipomuuliza kaka yake alipatwa na nini, alijibu jibu lile lile, mbele yangu: "Ile jiwe iliua yeye. Mi ilisema." Alilitukana kila asubuhi akiwasha moto. Hakulitupa. Tulikuwa na mawe mawili ya shambani, na hilo likawa la tatu, tukapikia juu yake.

Farajala hakuja. Tuliporudi miaka mingi baadaye niliuliza Koboko yote. Yupo aliyesema alimwona Yei, kule Sudani, yupo aliyesema mashamba yale yalilimwa upya na mengi yakaonekana udongoni. Jalia na mimi tulikaa nyumba moja tangu hapo mpaka uzeeni, hatukuolewa tena, tukagombana juu ya chumvi na kuku na nani afunge mlango. Kila alipolitukana jiwe nilikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa uongo niliokula nao kila siku. Nilimwogopa. Niliamini siku atakayojua kwamba si jiwe, kwamba ni ulimi wangu na macho yangu, atatoa mkeka wangu nje, na mimi sikuwa na mtu mwingine duniani wa kuniita jina.

Aliugua kwa wiki tatu. Kwa kuwa alitaka kufia Koboko, tulimpeleka kutoka Arua, tukamlaza kwenye chumba cha mjukuu wa yule jirani wa ukuta wa udongo. Siku moja mchana aliomba maji, nikamnywesha kwa kijiko. Alinishika kidole, akasema kwa sauti iliyobaki, "Mastura, wewe nadhani siku ile mi hapana sikia?" Nilikirudisha kijiko kikombeni. "Sufuria ilikuwa kwa mukono yangu," alisema. "Masikio ilikuwa kwako." Alipumzika, akapumua, akaendelea. "Mi ilitafuta kitu ya kuchukia. Kaka hakuna. Wewe peke yako ilibaki kwa mi. Basi mi nachukia jiwe." Nililia pale kwa sauti, mzee mzima, na watoto wa nyumba wakachungulia mlangoni. Yeye alisubiri nimalize. Halafu akaniambia, "Sema tena. Vile ulisema siku ile. Vile kaka yangu ilifundisha."

Nilijifuta uso kwa leso. Maneno yale sikuwa nimeyatamka tangu kwenye kamba ya makopo.

"Ni jiwe la jikoni kwetu," nikasema.

Jalia alifumba macho. Midomo yake ikajaribu, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"La," alisema. "La."